Picha Iliyokatika: Tuutafute Ugonjwa Uliko



Katika somo hili tutajifunza juu ya picha za kamera za siku hizi, zile kamera zisizotumia filamu, ambazo huunganishwa na kompyuta kwa waya ili picha zihamishwe. Vijiji vingi sasa vina mpiga picha wa namna hiyo. Ana kamera, ana kompyuta moja, pengine na mashine ndogo ya kuchapa, na umeme wa nguzo au wa sola. Yeye ndiye anayepiga picha za harusi, ubatizo, maulidi, mazishi, na zile ndogo za kubandika kwenye fomu.

Tuchukue mfano. Bibi mzee anaumwa. Watoto na wajukuu wamekuja toka mbali, wakamwita mpiga picha, bibi akakalishwa mbele kwenye kigoda, wengine wakasimama nyuma yake. Baada ya wiki mbili bibi akafariki. Familia inakwenda kuchukua picha, arbuni walishatoa. Mpiga picha anaifungua kwenye kompyuta. Vichwa vya waliosimama vinaonekana safi kabisa. Lakini kuanzia katikati kwenda chini, picha yote ni kijivu kitupu. Bibi alikaa chini, kwa hiyo uso wake umeangukia kwenye kijivu.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Huyu anasema "umeifuta", yule anasema "umekula pesa yetu", na mpiga picha anaapa kwamba kompyuta ina virusi. Wote wanasema bila kujua. Inawezekana kabisa kwamba picha ile ni nzima na iko ndani ya kadi, ila imekatika njiani. Inawezekana pia kwamba imekwisha kupotea. Hebu tuone jinsi ya kujua.

PICHA NI NINI NDANI YA KAMERA

Zamani ukiinua filamu juani uliiona sura ya mtu, ingawa nyeusi ilikuwa nyeupe na nyeupe nyeusi. Kamera ya siku hizi haishiki sura, inashika hesabu. Nyuma ya kioo chake kuna kibamba kidogo chenye vitone vingi vinavyopokea mwanga. Kila kitone kinapimwa. Mwanga mwingi unapewa namba kubwa, giza linapewa namba ndogo. Kamera ya kwanza ya aina hii aliitengeneza Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Marekani, mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na picha yake ilikuwa na vitone 10,000 tu. Iliandika picha kwenye kanda ya kaseti, na picha moja ilichukua sekunde 23. Kamera za leo zina vitone milioni 12, milioni 20 na zaidi, na kazi hiyo zinaimaliza kabla hujakopesa macho.

Namba milioni 20 ni mzigo mkubwa. Kwa hiyo kamera huzifupisha kwa utaratibu uitwao JPEG, uliokubaliwa mwaka 1992. Tuangalie mambo mawili ya utaratibu huu, maana ndiyo ufunguo wa somo letu.

La kwanza. Picha inagawanywa katika vipande vidogo vya mraba, kila kipande vitone 8 kwa 8, yaani vitone 64. Vipande hivyo vinaandikwa kuanzia pembe ya juu ya kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari mpaka chini, vile vile kama wewe unavyosoma gazeti hili. Ndiyo maana picha iliyokatika huwa nzima juu na mbovu chini.

La pili. Kamera haiandiki mwanga wa kila kipande upya. Inaandika tofauti tu, kati ya kipande hiki na kile kilichotangulia. Ni kama daftari la mkopo dukani. Mteja anadaiwa shilingi 5,000. Halafu mwenye duka anaandika: ongeza 500, punguza 1,000, ongeza 200. Deni ni 4,700. Sasa panya akila ule mstari wa "punguza 1,000", utapata 5,700, na kila hesabu inayofuata itakuwa na kosa hilo hilo, ingawa mistari iliyobaki imeandikwa vizuri. Picha nayo ni hivyo. Namba moja ikiharibika katikati, rangi zote za kuanzia hapo zinaweza kugeuka, watu wakawa wa zambarau au kijani, na sehemu ya picha ikasogea upande, kama ukili uliohesabiwa vibaya katika mkeka.

Kuna kitu kingine ndani ya kadi, nacho ni orodha. Kadi ni kama zahanati yenye vitanda vingi. Mlangoni kuna daftari linaloonyesha nani amelala kitanda kipi. Picha moja inaweza kulala vitanda vingi, na si lazima vifuatane. Daftari likichanika, wagonjwa bado wamo ndani, ila hakuna anayejua wako wapi.

KUSOMA DALILI

Fundi mzuri hakimbilii dawa, anauliza dalili kwanza. Juu nzima, chini kijivu: habari za picha zimekatika kabla ya kufika mwisho. Juu nzima, halafu rangi zimegeuka au picha imesogea: habari zimefika, lakini katikati kuna namba zilizoharibika. Kipande cha picha ya harusi kimeingia ndani ya picha ya ubatizo: orodha ya kadi imevurugika, au kadi ni ya udanganyifu, jambo ambalo tutalieleza mbele. Picha ndogo inaonekana kwenye kioo lakini ukiifungua inakataa: usishangae, maana kamera huweka ndani ya faili moja picha mbili, kubwa na ndogo sana. Ile ndogo imeandikwa mwanzoni, kwa hiyo mara nyingi inasalimika.

Tena ziko dalili zinazofanana na hizi ambazo si za ugonjwa huu hata kidogo. Mstari mwembamba ukikaa mahali pale pale katika kila picha, hata ukibadili kadi, kosa liko kwenye kile kibamba cha kamera. Doa la kivuli linalokaa mahali pale pale ni vumbi. Mapande ya mwanga na giza yanayopita katika picha zilizopigwa chini ya taa za tyubu yanatokana na taa zenyewe, kwa sababu taa hizo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde na jicho letu halioni. Hapo usimsumbue fundi wa kompyuta. Mwambie mpiga picha ajaribu tena dirishani au nje.

SIMAMA KWANZA

Ukiona picha imeharibika, jambo la kwanza ni kuacha kazi. Usipige picha nyingine kwa kadi hiyo, hata moja. Usifute kitu. Usifomati. Kompyuta ikiuliza kama irekebishe kadi, jibu hapana kwa sasa, maana itaanza kuandika juu ya vitu ambavyo wewe bado hujavisoma.

Sababu ni hii. Kufuta picha, au kufomati kwa njia ya haraka, mara nyingi kunachana daftari la mlangoni tu. Wagonjwa wamo bado vitandani. Lakini ukipiga picha mpya, picha hiyo itapewa kitanda, na aliyekuwa amelala hapo ataondolewa moja kwa moja. Wapo wapiga picha waliopoteza picha kwa kuendelea kupiga, na hili tunalisema kwa msisitizo.

Kadi kubwa ya aina ya SD ina kidude kidogo pembeni cha kufungia. Kisukume upande ulioandikwa kufunga. Kadi ndogo zile za simu hazina kidude hicho, lakini kava lake la kuingizia kwenye kompyuta linacho. Kikishafungwa, kwa kawaida kompyuta inaweza kusoma lakini haiandiki.

BADILI KITU KIMOJA TU

Haya sasa, tuanze kutafuta. Picha inasafiri: kutoka kadi, kupitia kamera, kupitia waya, kupitia tundu la kompyuta, mpaka kwenye diski ya kompyuta, halafu programu inaifungua. Ugonjwa uko mahali pamoja kati ya hapo. Kosa la watu wengi ni kubadili waya, kadi na kompyuta kwa pamoja. Picha ikipona hawajui kilichoiponya, na kesho wanarudia waya ule ule mbovu.

Anza na kamera yenyewe. Itazame picha kwenye kioo cha kamera, kisha ikuze mpaka uone sura moja. Usipoikuza, huenda kamera inakuonyesha ile ndogo tu. Picha ikionekana nzima hata chini, una tumaini kubwa.

Pili, linganisha ukubwa. Kompyuta inaweza kukuonyesha ukubwa wa faili kwa namba. Tuseme ndani ya kadi picha ya bibi ni baiti 5,240,118, lakini nakala iliyo kwenye kompyuta ni 2,097,152. Hapo huhitaji fundi kukuambia. Toa 2,097,152 katika 5,240,118, utapata 3,142,966. Hizo ndizo baiti zilizobaki njiani. Nakili tena.

Tatu, kama ukubwa ni sawa lakini picha bado ni mbovu, nakili picha hiyo hiyo mara mbili katika folda mbili tofauti. Kati ya nakala ya kwanza na ya pili, iage kadi kwenye kompyuta, ichomoe, halafu uirudishe. Usiruke hatua hii, kwa sababu kompyuta ina tabia ya kukumbuka ilichosoma punde, ikakupa jibu lile lile bila kuisoma kadi upya. Sasa zitazame nakala mbili. Zikiharibika mahali tofauti, au moja ikawa nzima, basi kadi haina kosa, njia ndiyo mbovu. Zikiharibika zote mahali pale pale, ishuku kadi, au ujue picha iliandikwa vibaya tangu siku ilipopigwa.

Kama njia ndiyo mbovu, badili waya kwanza. Waya wa kamera hukunjwa kila siku na huchoka shingoni, pale unapoingia kwenye kichwa chake. Tumia waya mfupi. Kwa USB ya aina ya 2.0, urefu uliowekwa usizidi mita 5, na waya wa bei rahisi hushindwa kabla ya hapo. Badili tundu. Kwenye kompyuta ya mezani tumia tundu la nyuma, si la mbele, wala usipitishe kwenye kigawanyio chenye matundu mengi. Angalia betri ya kamera imejaa, na uizuie kamera isijizime yenyewe. Kamera nyingi hulala baada ya dakika chache, na ikilala katikati ya kazi, picha inakatika.

Hapa tuwe waangalifu tusiulaumu waya kwa kila jambo. Kompyuta inapohamisha faili kupitia USB, kila furushi la habari lina namba ya kuhakiki. Namba isipolingana, furushi linaombwa tena. Kwa hiyo waya mbovu mara nyingi hukata safari, ama huifanya iwe ndefu, lakini si rahisi ubadili namba kimya kimya. Ukiona rangi zimegeuka katikati, tazama zaidi upande wa kadi.

Njia bora kuliko zote ni kuachana na waya. Toa kadi kwenye kamera, iweke kwenye kisomeo cha kadi, kile kidude ambacho mafundi wengi hukiita kadi rida. Bei yake si kubwa. Picha zikihamia nzima kwa njia hiyo, kadi haina kosa. Zikikataa, jaribu kisomeo kingine kabla ya kuihukumu kadi. Meno yale ya rangi ya dhahabu yafute kwa kitambaa kikavu na laini, bila kukwaruza.

Mwisho kabisa ni kompyuta. Chukua faili ile ile uifungue kwenye kompyuta nyingine au kwenye simu. Kama huko ni nzima, kosa ni la programu ya kwanza. Kama kila kitu kinachonakiliwa kwenye kompyuta ile kinaharibika, hata nyimbo na barua, basi diski yake au kumbukumbu yake ni mgonjwa, na hiyo ni kazi ya fundi.

KADI YA UDANGANYIFU

Tumeahidi kulieleza jambo hili. Ziko kadi zinazouzwa ambazo juu yake imeandikwa namba kubwa, na hata kompyuta ukiiuliza itakusomea namba hiyo hiyo, kumbe ndani nafasi ni ndogo. Tuseme kadi imeandikwa GB 64, lakini hasa ni GB 16. Kila picha ni MB 5. Tukihesabu GB 1 kuwa MB 1,000, kadi hiyo ina nafasi ya MB 16,000, yaani picha 3,200. Mpaka hapo kila kitu ni kizuri na mwenye kadi anajisifu kwa kununua rahisi. Picha ya 3,201 inapoingia, kadi inakubali, inampa jina, inaiandika kwenye orodha, lakini hakuna kitanda. Ama haiandiki chochote, ama inaandika juu ya picha za zamani. Dalili yake ni hiyo: picha za kwanza nzima, halafu kuanzia siku fulani zote zinakufa.

Kadi mpya ipimwe kabla ya kazi, ikiwa tupu. Programu ya bure iitwayo H2testw kwa kompyuta za Windows, au F3 kwa za Linux, huijaza kadi mpaka ukingoni kisha huisoma yote na kulinganisha. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa kwa kadi kubwa. Iache ifanye.

KUOKOA KINACHOOKOLEKA

Kama orodha imevurugika lakini picha zimo, iko programu ya bure iitwayo PhotoRec, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Programu hii haiulizi daftari la mlangoni. Inapita kitanda kwa kitanda ikitafuta alama ya mwanzo wa picha. Kila picha ya JPEG huanza na namba mbili, 255 na 216, na kuisha na 255 na 217. Ikiona mwanzo, inaanza kukusanya. Kilichookolewa kiwekwe kwenye diski ya kompyuta, kamwe kisirudishwe kwenye kadi ile ile. Majina ya picha yatapotea, nawe utakaa na familia kuzitambua moja moja.

Kama picha kubwa imekufa kabisa, ile ndogo iliyofichwa ndani ya faili inaweza kutolewa. Mara nyingi ina vitone 160 kwa 120. Ukiichapa vizuri itapata upana unaozidi sentimita 1 kidogo tu. Ni ndogo kama stempu, lakini ni uso wa bibi kweli.

Tunasema "kweli" kwa sababu siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazojaza sehemu ya picha iliyokosekana. Zitakuletea mwanamke mzee mwenye mtandio na uso mzuri. Lakini namba za uso wa bibi hazikuwamo, kwa hiyo uso huo umebuniwa. Mpiga picha anayefanya hivyo na kunyamaza amewauzia wafiwa uso wa mtu ambaye hajapata kuishi. Kama wenyewe wanautaka, waambiwe kwanza.

Namba ambazo kamera haikuwahi kuziandika, kwa mfano betri ilipozimika ghafla au kadi ilipochomolewa na taa ndogo ya kamera bado inametameta, hizo hazipo. Anayedai pesa ili azirudishe ni mwongo. Kwa kazi isiyorudiwa, kama harusi au mazishi, tumia kadi mbili kwa zamu. Na usifute kadi mpaka picha ziwe mahali pawili na umezifungua kwa macho yako.

KAMERA INAYOTAZAMA MOJA KWA MOJA

Kuna kamera zisizo na kadi, zinazopeleka picha kwenye kompyuta papo hapo. Wengi walikaa mbele ya kamera iliyoungwa na kompyuta walipojiandikisha kupiga kura kwa mashine za BVR mwaka 2015. Kamera nyingi za USB zinazoonyesha picha inayotembea hupeleka habari bila kurudia furushi lililoharibika, maana hakuna muda. Furushi likianguka, picha hiyo inaonekana imechanika au ina mistari ya kijani, na inayofuata inaweza kuwa nzima.

Mzigo wake si mdogo. Picha ya vitone 640 kwa 480 ni vitone 307,200. Ikiwa haikufupishwa na kila kitone kina baiti 2, ni baiti 614,400. Kwa picha 30 katika sekunde moja, ni baiti 18,432,000. Ukiunga kamera mbili kwenye kigawanyio kimoja pamoja na diski ya nje, zitasongana. Ipe kamera tundu lake peke yake, waya mfupi, na ukubwa mdogo wa picha.

ZOEZI LA KIKUNDI

1. Mpiga picha amenakili picha kwa waya. Ndani ya kadi ukubwa ni baiti 4,800,000, kwenye kompyuta ni 1,600,000. Ni sehemu gani ya picha iliyofika? Akate tamaa, au afanye nini kwanza?

2. Nakala mbili za picha moja zimeharibika mahali pale pale, lakini hakuichomoa kadi kati ya nakala hizo. Je, ana haki ya kuilaumu kadi? Elezaneni kwa nini.

3. Kadi imeandikwa GB 32. Kila picha ni MB 4. Picha 2,000 za kwanza ni nzima. Zote zilizofuata zina majina lakini hazifunguki, kwa kisomeo chochote na kompyuta yoyote. Ukubwa halisi wa kadi hiyo ni GB ngapi?